Siku ya Wanawake shuleni: anzeni na daftari la zamu

Machi 8 yangu ya kwanza kazini ilinikuta jikoni. Ilikuwa mwaka 2013, nina miezi michache tu tangu niripoti kufundisha Kemia na Biolojia katika sekondari moja ya kata mkoani Njombe. Tangu saa kumi na moja alfajiri, walimu wa kike sita pamoja na mama mpishi wa shule tulikuwa tunamenya viazi na kuchagua mchele. Mvua inanyesha, kuni mbichi, moshi umetujaa machoni. Saa sita mgeni rasmi akasimama, na spika zikatuletea sauti yake mpaka nyuma ya jiko. Mama ni nguzo. Mama ni mlezi. Ukimwelimisha mwanamke umeielimisha jamii. Alisema vizuri na kwa nia njema, na mimi niliisikia hotuba yote nikiwa nimeinama kwenye sufuria la pilau, nakwangua ukoko. Msichana wa kidato cha pili aliyekuwa ananisaidia kusuuza sahani akaniuliza, "Madamu, kwani hii sherehe si yetu?"

Sikumjibu. Nilimpa sahani nyingine asuuze.

Tangu siku ile nimekaa kwenye kamati ya maandalizi karibu kila mwaka, miaka miwili nikiwa mwenyekiti. Kuna tuliyojaribu yakakubali na kuna yaliyotuumiza. Nayaandika kwa mwalimu mwenzangu, mjumbe wa bodi au mzazi anayetaka shule yake iiadhimishe siku hii mwakani. Naamini inafaa kuadhimishwa, na naamini tunaiharibu pale wanawake wanapofanya kazi mara mbili huku spika zikiwasifu.

Kikao cha kwanza cha kamati kwa kawaida hufunguliwa na habari ya kitenge: rangi gani, duka gani, nani ana fundi wa bei nafuu. Kitenge nakipenda. Siku tunapovaa sare, kuanzia mhasibu hadi mama wa usafi, hakuna mgeni anayeweza kutupanga kwa vyeo, na hilo peke yake lina thamani. Lakini kabla ya kitenge ulizeni hili: siku hiyo nani atapika, nani atagawa chakula, nani ataosha vyombo, na nani atakaa viti vya mbele? Andikeni majibu kwenye muhtasari wa kikao. Mwaka 2015 tulipoandika, walimu wa kiume wenyewe waliona aibu, wakalichukua jiko pamoja na wavulana wa kidato cha nne. Wali uliungua chini, tukala hivyo hivyo. Ninachokikumbuka zaidi ni mama mpishi wetu, ambaye kwa mara ya kwanza alikalishwa safu ya mbele na akawa hatulii, kila dakika chache anainuka kwenda kuangalia moto. Makamu mkuu wa shule alimfuata mara ya tatu, akamshika mkono, akamwambia, "Kaa mama, moto tunao."

Hilo la jiko ni la siku moja. Kazi kubwa iko kwenye siku nyingine zote, na hapo ndipo ninaposisitiza kuhesabu.

Shuleni kwetu ipo klabu ya Tuseme. Walimu wa siku nyingi wanajua ilikotoka: mwaka 1996, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando akiwa mmoja wao, walianza kwenda mashuleni wakawaacha wasichana wenyewe wataje kinachowakwamisha, wakichambue, wakiigize mbele ya shule nzima, kisha waseme kifanyike nini. Utaratibu ule unazidi risala zote nilizowahi kuandika. Februari 2017 tuliwapa wanachama wa klabu daftari, wawili wawili, msichana na mvulana, waandike kwa wiki mbili kila kazi wanayoiona inafanyika nje ya masomo. Nani anafagia darasa, nani anadeki ofisi, nani anateka maji ya chai ya walimu, nani anafyeka, nani anabeba meza, nani anatumwa dukani, nani anapiga kengele, nani anasoma taarifa mstarini. Tuliwakataza kuandika majina ya watu. Waandike kazi, siku, saa, na kama aliyefanya ni msichana au mvulana. Hilo la kutoandika majina msiliache, maana bila hivyo daftari litageuka kuwa la kushtakiana.

Matokeo hayakuwa na siri. Wasichana walikuwa wanadeki madarasa na ofisi na kuteka maji kila asubuhi, kwa hiyo walifika saa kumi na mbili na nusu. Wavulana walifyeka nyasi Ijumaa mchana na kubeba samani zinapohitajika, kwa hiyo asubuhi walifika saa moja na kufungua madaftari. Mwanafunzi mmoja akapiga hesabu ubaoni: nusu saa kwa siku 194 za masomo ni saa 97 kwa mwaka. Shuleni kote, tangu siku ile, namba hiyo haihitaji maelezo. Ukitaja "saa tisini na saba" hata kidato cha kwanza wanajua unazungumzia nini.

Na hapa niseme kwa haki: hakuna mtu aliyewahi kukaa akapanga kuwaonea wasichana. Ratiba ya zamu iliandikwa mwaka shule ilipofunguliwa, na kila Januari mwalimu wa usafi alibadilisha tarehe tu. Ndiyo maana nasema anzeni na daftari. Ukianza na lawama utajibiwa kwa hasira, lakini daftari halina wa kugombana naye. Mwalimu mmoja mkongwe alisema wasichana wamezoea usafi, wanaufanya vizuri zaidi. Makamu akamjibu taratibu kwamba basi wavulana ndio wanaohitaji mazoezi. Ratiba mpya ilibandikwa Machi 8 mbele ya wazazi, ikiwa na saini ya mkuu wa shule, na kwangu ile ndiyo mara ya kwanza tulipoiadhimisha siku hii kweli.

Ilipofika Mei, ndoo za kudekia zilikuwa zimerudi mikononi mwa wasichana kimyakimya, na viranja wamefumba macho. Kwa hiyo tunahesabu tena Juni na Septemba. Msipopanga tarehe za kurudia kuhesabu, msijisumbue kuhesabu mara ya kwanza.

Daftari lile lilinigeukia na mimi. Niliwaomba wanafunzi wawili wakae nyuma katika vipindi vyangu waweke alama kila ninapomchagua mtu ajibu swali. Katika kipindi kimoja cha Kemia niliwachagua wavulana mara kumi na moja na wasichana mara nne. Mimi, mwanamke, mwalimu wa sayansi, niliyekuwa nikisimama kila Machi kuwaambia wasichana wasiogope Kemia! Iliniuma kwa siku kadhaa. Wavulana walikuwa wananyoosha mikono juu na kupiga vidole, wasichana wananyoosha kiwiko kikiwa kimelala mezani, na jicho langu lilikuwa linafuata mkono ulio juu. Sasa nina kopo lenye vijikaratasi vya majina ya darasa zima, navuta, aliyetoka ndiye anajibu. Maabara nako tulikuta jambo lile lile: kwenye kila kikundi mvulana ameshika bureti, ile bomba ya kioo ya kupimia kimiminika, msichana anaandika jedwali kwa mwandiko mzuri. Kisha kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne kila mmoja yuko peke yake, na msichana anakutana na bureti kana kwamba ni mara ya kwanza. Tukaweka sheria moja fupi: kila baada ya usomaji mmoja, vifaa vinahamia kwa anayefuata, na kalamu vilevile. Haikugharimu hata shilingi.

Vipo vinavyogharimu. Mwaka 2018 kamati ilikuwa na fedha kidogo kutoka kwa wazazi na mjadala ulikuwa juu ya keki. Matroni, ambaye huwa hasemi sana vikaoni, akauliza kama kuna anayejua vyoo vya wasichana vina makomeo mangapi. Hakuna aliyejua. Tukaenda pale pale kuangalia: milango sita, komeo moja. Msichana aliyekuwa na hedhi ilimbidi aende na rafiki wa kumshikia mlango, na rafiki naye akakosa kipindi. Wengine walibaki nyumbani siku hizo. Keki hatukununua. Tulinunua makomeo, ndoo mbili zenye mifuniko, sabuni, na pakiti za pedi za kuanzia sanduku la dharura linalokaa kwa matroni. Mwaka ule ndio bajeti ya Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Kwa hiyo usisubiri bei. Sanduku letu linajazwa na mchango mdogo wa kila mwalimu, wa kiume na wa kike, na mtunza daftari lake ni mwalimu wa kiume wa Hisabati. Tulimchagua makusudi. Wavulana walipomwona anahesabu pakiti bila kuona haya, kucheka kwao kulipungua kuliko kulivyopunguzwa na hotuba zangu zote za malezi.

Kuna kosa ambalo nusura tulifanye, na nalisimulia ili mwingine asilifanye. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatizwa masomo na ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaliweka jambo hilo kwenye maandishi. Kabla ya hapo kazi yetu ilikuwa kufuta jina kwenye rejista. Mwaka 2022 tukampokea binti wa kwanza, mtoto wake akibaki na bibi yake. Machi ilipokaribia, kamati ikaona itapendeza asimame mbele ya wageni atoe ushuhuda, watu waone kwamba shule yetu inatekeleza waraka. Nami niliafiki. Nilimwita, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Madamu, mimi nilirudi kusoma." Nilimwomba radhi siku ile ile. Msichana wa namna hii hahitaji spika wala zawadi mbele ya watu wanaomjua yeye, mama yake na mtaa wake. Anahitaji kiti, vipindi vya jioni vya kufidia alichokikosa, ruhusa ya kwenda kliniki bila kuulizwa mstarini, na mwalimu mmoja anayejua mtoto akiumwa amfuate nani. Hayo tuliyafanya, na hakuna aliyeyapigia makofi. Alifanya mtihani wake pamoja na wenzake.

Wavulana. Miaka ya mwanzo tuliwaweka nyuma ya ukumbi wakakaa kama watu waliolazimishwa msiba usio wao, wakizomea kila msichana anayeitwa kupokea zawadi. Tukajaribu kinyume chake, tukatoa zawadi kwa "mvulana anayesaidia kazi za usafi", na hilo lilikuwa kosa la pili. Kudeki darasa unalosomea si mafanikio ya kupewa daftari na kalamu wakati dada zako wamedeki miaka yote bila asante. Tuliifuta zawadi ile. Kilichosaidia ni kuwapa kazi halisi ndani ya maadhimisho: kuhoji watu, kuandika, kuigiza. Katika igizo la Tuseme la mwaka 2019 mvulana alicheza nafasi ya binti anayeamka alfajiri, anawasha moto, anateka maji, anaandaa wadogo zake, anafika shuleni amechelewa, anachapwa. Alipofika pale pa kuchapwa ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Na ile timu ya Serengeti Girls ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, Oktoba 2022, baada ya kuwafunga Wafaransa 2 kwa 1, wavulana ndio walioleta hoja kwamba wasichana nao wapate siku yao kiwanjani. Wakapewa Jumatano.

Akina baba ni habari nyingine. Kwa uzoefu wangu, ukimwandikia baba barua ya kumwalika kwenye "maadhimisho ya usawa wa kijinsia" atamtuma mke wake. Ukimwandikia kwamba shule ina madawati arobaini mabovu na asubuhi ya Machi 8 tunaomba mafundi, atakuja na nyundo yake. Tulifanya hivyo mwaka 2023. Kufikia saa nne madawati yamekwisha, chai imenywewa, na akina baba wako pale pale, wameyakalia madawati waliyoyagonga wenyewe, wanasikiliza. Mmoja wao alikuwa ameshamtafutia binti yake kazi za ndani Dar es Salaam, nilijua kwa kuwa binti alikuwa ameniambia akilia. Siku ile binti huyo alifanya jaribio mbele ya wageni, akaeleza kwa nini rangi inabadilika asidi inapokutana na besi. Baba yake alinifuata mchana.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, baba."

Alikaa kimya kidogo, akaangalia mikono yake. "Haya mambo ya dawa za rangi, mtu akiendelea nayo anafika wapi?"

Nikamweleza tahasusi za sayansi, shule za serikali za bweni, kwamba ada ya kidato cha tano na sita nayo imefutwa, kwamba kinachobaki ni nauli, sare na mahitaji madogo madogo. Aliniuliza nauli ni kiasi gani. Nilijua hapo kwamba anahesabu. Mabinti wengine sikuwahi kuwaokoa na ile safari ya Dar es Salaam, na nawakumbuka kwa majina. Huyu yuko kidato cha sita.

Juu ya mgeni rasmi nitasema kwa ufupi, kwani wengi watanipinga. Viongozi wetu wanastahili heshima na waalikwe, lakini anayezungumza na wanafunzi awe mtu ambaye kazi yake wanaweza kuiona kwa macho. Bora zaidi awe alisoma hapo hapo. Tulimwita mhitimu wetu aliyepata daraja la nne, akaenda chuo cha ufundi cha VETA kusomea umeme, na sasa anafunga nyaya majumbani Makambako. Tulimwomba aje na mkoba wake wa vifaa. Soketi ya ofisi ya walimu ilikuwa imekufa tangu Januari. Akaifungua mbele ya wanafunzi huku akieleza anachokifanya, akabadilisha kilichoungua, akairudisha. Dakika kumi. Kisha wasichana wakamuuliza maswali ambayo hayaulizwi viongozi: unalipwa shilingi ngapi kwa nyumba, mwenye nyumba akikataa kukulipa unafanyaje, ukipanda darini unavaa nini. Alijibu yote, hadi la fedha. Nilimpenda zaidi kwa sababu daraja lake lilikuwa la nne. Shule nyingi siku hii hutaja waliofaulu sana tu, na wasichana wengi waliokaa ukumbini hawatakuwa miongoni mwa hao.

Hapo ndipo linapokuja swali la majina yapi yatajwe. Mimi hupenda wiki moja kabla wanafunzi wajue siku yenyewe imetoka wapi, kwa sababu wengi wanadhani ni sikukuu ya akina mama kupewa maua. Clara Zetkin, Mjerumani aliyepigania haki za wanawake, alilitoa wazo la siku hii Copenhagen mwaka 1910. Mwaka uliofuata wanawake waliandamana Austria, Denmark, Ujerumani na Uswisi. Na tarehe 8 Machi 1917 wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd walitoka barabarani kudai mkate, na kabla wiki mbili hazijaisha mfalme wa Urusi alikuwa amejiuzulu. Wanafunzi wetu wanaielewa haraka habari ya kudai mkate. Mama zao wengine wanachuma chai kwa kilo. Halafu tunakuja nyumbani: Bibi Titi Mohamed aliyewaingiza maelfu ya wanawake TANU, Julie Manning na Tabitha Siwale walioingia Baraza la Mawaziri mwaka 1975, Gertrude Mongella wa Ukerewe, Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, Anna Makinda wetu wa Njombe, Spika wa kwanza mwanamke mwaka 2010, Samia Suluhu Hassan aliyeapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021. Picha zao zilikuwa ukutani, wanafunzi wamezikariri kama jedwali la elementi. Mwaka 2022 nikamuuliza msichana wa kidato cha tatu ameona nini. Akaziangalia, akasema, "Wote ni wa Dodoma, Madamu."

Hakuwa anadharau. Alikuwa ananieleza umbali.

Mwaka ule ndio tulipofungua kabati la stoo kutafuta vitu vya kuonyesha, tukakuta madaftari mawili makubwa yenye jalada gumu, yameliwa pembeni na panya. Yalikuwa ya nguvu kazi. Shule yetu, kama shule nyingi za kata, ilijengwa na wanakijiji: serikali ilileta bati na saruji, wananchi walileta mawe, mchanga, maji na tofali. Katibu wa kamati ya ujenzi aliandika kila siku, mwaka 2006 na 2007, nani amekuja na amebeba nini. Mchanga ndoo kumi. Maji ndoo ishirini. Tofali. Kuni za tanuri. Tuliyafungua na wanafunzi wa klabu juu ya meza ya maabara, na ukurasa baada ya ukurasa yalikuwa majina ya akina mama. Jiwe la msingi lililo kwenye ukuta wa ofisi, ambalo wanafunzi hupita mbele yake kila siku, lina jina moja, la kiongozi aliyekuja siku ya kufungua.

Tuliamua kwamba mwaka huo ukutani yatapanda majina ya daftari. Lakini wanafunzi walipoanza kunakili wakakwama. Mistari mingi haikuwa na jina. Iliandikwa "mke wa fulani". Mke wa fulani, maji, ndoo ishirini. Mvulana mmoja akasema tuandike hivyo hivyo kama ilivyo. Yule msichana aliyesema "wote ni wa Dodoma" akakataa. Alisema mtu aliyebeba ndoo ana jina.

Wakaanza kutafuta. Wiki mbili na zaidi walikwenda majumbani jioni, wawili wawili, na maswali tuliyoyapanga pamoja: ulibeba nini, kutoka wapi, ulikuwa na mtoto mgongoni, nyumbani nani alipika siku hizo. Wengine walikuwa wamefariki na jina lilitolewa na wakwe zao. Wengine wamehamia Makambako na Mbeya, wakapigiwa simu. Mama mmoja aliwaambia alibeba mchanga kutoka mtoni akiwa na mimba ya miezi saba, na mtoto mwenyewe ndiye huyo anayemhoji. Binti alirudi shuleni siku iliyofuata akiwa hajui aandike nini, akaketi nami maabara mpaka giza linaingia. Mama mwingine alisema hataki jina la ubatizo, aandikwe Mama nani, kwa mtoto wake wa kwanza, kwa sababu huyo ndiye yeye na hivyo ndivyo kijiji kinavyomheshimu. Tukamwandika alivyotaka. Nawashauri nanyi muulize, msidhani mnajua.

Machi 8 tulisoma majina. Hakukuwa na hotuba nyingine. Jina, alichobeba, jina, alichobeba, msichana na mvulana wakipokezana. Katikati mvua ikashuka juu ya bati kwa nguvu hata hatukusikilizana, tukasimama wote tukaingoja, akina mama wakiwa wamejifunika khanga, na ilipopungua tukaendelea pale tulipokatia. Baada ya chakula, kilichopikwa na walimu wa kiume na sasa bila kuungua, bibi mmoja alisogea mpaka ukutani peke yake. Hajui kusoma. Alimwomba mjukuu wake amwonyeshe, akaweka kidole chini ya jina lake, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Karatasi za manila tulizoandikia majina zimechoka sasa, tunazibadilisha kila mwaka kwa mwandiko mpya. Mistari minne bado ina "mke wa", na yale madaftari mawili tumewakabidhi kidato cha tatu cha mwaka huu waendelee kutafuta.